Shingo Isiyoinama

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeitwa Gitaa! Mbele ya ukumbi mzima! Na nani? Na Quaglia, daktari wa meno mstaafu, ambaye shingo yake imezama kwenye mafuta tangu azaliwe na kwa hiyo haina cha kuona haya. Juzi Jumamosi kwenye klabu yetu ya dansi nilikuwa nasimulia kisa, nikacheka, naye akanyoosha kidole chini ya kidevu changu akasema jamani tazameni, Anselmo akicheka nyuzi zinakaza, mmoja wenu ampige tupate muziki wa bure. Watu hoi kwa kicheko. Hata mhudumu wa vinywaji! Nami nikacheka, eti sijali, na kadiri nilivyocheka ndivyo nyuzi zilivyozidi kusimama.

Nélida alikuwepo. Sijui kama alicheka. Sikuthubutu kumtazama, wala sikumwinamishia kichwa mwanamke yeyote usiku ule. Nikarudi nyumbani sijacheza hata duru moja. Kwetu, mwenye adabu hamfuati mwanamke mezani kumwomba dansi kwa mdomo. Hiyo ni kazi ya watalii na walevi. Unamtazama kutoka ng'ambo ya ukumbi, akikutazama unainamisha kichwa kidogo, naye akiinamisha mambo yamekwisha. Asipotaka hugeuza macho, na hakuna aliyeaibika.

Leo asubuhi nimesimama mbele ya kioo cha bafuni nikatamka "i" kwa nguvu. Yapo! Makamba mawili, kutoka kidevuni mpaka kwenye mtulinga. Mimi huyu! Niliyepima shingo za nusu ya wanaume wa Buenos Aires katika duka la mashati la Rivadavia, nikiwashauri kwa upole kwamba kola pana kidogo itawafaa. Yangu sikuipima hata siku moja.

Niseme ukweli, hapa hanisikii mtu. Tangu mke wangu Marta afariki, mikono inayonikumbatia ni ile ya Jumamosi tu. Duru ni nyimbo nne, kisha kila mtu na kiti chake. Na katika mikono yote hiyo ninayoisubiri ni ya Nélida Arizmendi, mjane wa kona ya pili, anayenukia sabuni ya lavanda. Binti yake anamwita akaishi naye Mendoza, nyuma ya jua huko. Amesema ataamua baada ya sherehe ya mwaka ya klabu, tarehe 23. Duru ya mwisho ya usiku ule ni yangu. Nikishamaliza kucheza naye nitamwomba twende tukanywe kahawa, na mtaa huu mzima unajua kahawa ya saa hiyo si kahawa.

Lakini siendi kuomba kahawa na gitaa shingoni.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda kwa daktari wa kurekebisha maumbile. Anaitwa Weissman, mama wa makamo, miwani kaipandisha kwenye paji, sauti ya mtu asiyependa kupotezewa wakati. Kaza taya, akasema. Nikakaza. Akabonyeza kamba moja, akabonyeza ya pili, akasema huu ni msuli tu, kingo zake zimeachana kwa umri, kila mwanadamu anao. Nikamwambia wengine hawaitwi Gitaa.

Akanieleza njia zilizopo. Kuna sindano za kulegeza msuli: hakuna kisu, hakuna kovu, kamba zinalala, ila baada ya miezi kadhaa zinaamka na inabidi urudi. Kuna kisu: anachana kidogo chini ya kidevu penye mkunjo, anazishona zile kingo pamoja kama mtu anayefunga kizibao, na ngozi ikiwa imelegea sana anachana pia nyuma ya masikio. Halafu kuna kwenda nyumbani na kuacha kukaza taya. Akasema hii ya mwisho ndiyo anayoipenda zaidi kwa mtu wa umri wangu. Nikamuuliza umri upi, maana nilikuwa nimesema sitini. Akanitazama mikono.

Nikachagua kisu, kwa sharti kisiache kovu. Akashusha miwani ili anione vizuri. Don Anselmo, akasema, hakuna kisu kisichoacha alama. Kuna kovu jema na kovu baya, na mwaka mzima hupita kabla halijatulia. Akataka kuona kovu langu la zamani, lolote, ajue ngozi yangu hupona vipi. Ninalo la kidole tumbo. Basi nikajikuta nimekwenda kwa habari ya shingo nikaishia kushusha suruali. Loo! Kovu lenyewe ni nene, kama mnyoo aliyelala. Akalitazama kwa muda, akasema chukua sindano.

Hapo ndipo hofu iliponishika. Kwenye dansi ya tango, jinsi tunavyoicheza sisi, mwanamke hukuegemezea shavu. Jicho lake liko vidole viwili tu kutoka sikioni mwako. Nélida atakuwa analisoma kovu langu nyimbo nne mfululizo! Nikasema basi chini ya kidevu tu, masikio usiyaguse. Akasema hilo linawezekana, kovu litakuwa dogo, lakini yeye angechukua sindano. Nikasema kisu. Kurudi kila baada ya miezi kadhaa kutiwa upepo ni mambo ya tairi.

Akauliza kama nina shughuli yoyote inayotikisa mwili, maana wiki tatu hakuna kuruka wala kucheza. Nikamwambia mimi ni mtu wa drafti.

Akiba ya tiketi ya Barcelona, ya kwenda kumwona mwanangu Darío, imekwenda na maji. Atanielewa. Sitamwambia.

Ijumaa, 8 Agosti

Balaa jipya. Kliniki hairuhusu mgonjwa atoke bila mtu wa kuja kumchukua. Sheria ni sheria, amesema msichana wa simu, hata kama ungekuwa rais. Nikasema hakuna shida, nina watu tele.

Nikaanza na rafiki yangu Rubén. Nilibonyeza jina lake kabla sijakumbuka kwamba nilikuwa mazishini kwake mwezi wa tatu. Akapokea msichana, akasema namba hii si ya Rubén tena. Nikaomba radhi. Akasema si kitu, akaniuliza huko kwetu mvua inanyesha? Nikamwambia inanyesha. Tukaongea kidogo kuhusu mvua. Mtoto mwenye adabu sana.

Doña Porota wa ghorofa ya chini ana nyonga mbovu, kufika mlangoni kwake ni safari. Pascual wa kibanda cha magazeti angeutangazia mtaa kabla ya habari za jioni. Darío yuko ng'ambo ya bahari. Baada ya hapo majina yakaisha.

Lakini Anselmo Bertolotti hakosi mbinu! Nimewapigia nikasema atakuja mke wangu. Jina? Marta. Siku yenyewe nitasema amechelewa, nitachukua koti langu na kuteleza. Nimejipongeza kwa glasi ya mvinyo wa vermut. Nilimimina mbili kwa mazoea.

Jumatano, 13 Agosti

Imefanyika jana. Naandika nimeegemea mito, kidevu juu, siioni karatasi vizuri.

Mbinu yangu ilifeli. Mtu aliyefungwa bendeji kutoka utosini mpaka kidevuni hatelezi kirahisi. Muuguzi aliniuliza mke wangu yuko wapi. Nikasema njiani. Baada ya muda akauliza tena. Nikasema ni mtu wa kujipamba, mvumilie. Akaja mara ya tatu akiwa ameshavaa koti la kwenda kwake, akachukua kadi ya klabu iliyokuwa juu ya vitu vyangu, akapiga simu. Na Jumanne mchana, nani anakuwa klabuni akicheza karata? Quaglia!

Nilitamani dunia ipasuke nijifiche. Akaingia akihema, shingo yake ileile isiyoonekana, akanitazama nilivyofungwa kama mgonjwa wa jino katika vikaragosi. Nikasubiri mzaha. Hakutoa hata mmoja. Muuguzi akasema wanamngoja mke wa mgonjwa, Bi Marta. Quaglia alilibeba jeneza la Marta, kona ya mbele kushoto, mpaka kaburini Chacarita. Akamwambia muuguzi, bila kupepesa macho, kwamba Bi Marta amekwama kwenye foleni ya magari, ndiye aliyemtuma.

Akanileta mpaka kitandani. Akanivua viatu. Ana lake jambo huyu.

Jumamosi, 16 Agosti

Quaglia anakuja kila siku na supu ya maboga. Anasema huwezi kutafuna, basi kunywa. Anakaa pale kwenye kiti cha Marta na kunisimulia habari za timu yake ya mpira mpaka nasinzia. Nimemshtukia! Anapeleleza. Anataka ajue nitakuwa tayari lini ili ajipange. Leo nimemuuliza wazi kama ana nia na Nélida. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, Anselmo, mimi nina nia na wewe umalize supu.

Jibu la mjanja, hilo. Halisemi ndiyo wala siyo.

Leo wenzangu wanacheza. Ukizima redio na kufungua dirisha la jikoni unaweza kudhani unausikia muziki. Nilifungua nikasimama pale kwa muda, baridi ikaingia nyumba nzima. Hausikiki.

Jumapili, 17 Agosti

Darío amepiga simu ya picha. Nimezima kamera nikasema imeharibika. Akasema baba, nilitaka nikuone. Nikasema hujakosa kitu, ni sura ileile. Akaniuliza tiketi vipi, nitakwenda kwenye Krismasi? Nikasema tutaona.

Alhamisi, 21 Agosti

Nyuzi za mshono zimetoka. Kamba hazipo! Nimetamka "i", nimetamka "e", nimekaza taya mpaka masikio yakapiga kelele. Hakuna kitu! Shingo imetulia kama kola mpya!

Lakini kovu. Mama yangu wee, kovu! Mstari mwekundu chini ya kidevu. Dk. Weissman anasema ni zuri sana, jembamba, litapauka taratibu. Akasema nipake jeli, nisiliweke juani, nisilivute, na nianze kuigeuza shingo polepole isije ikakakamaa. Nimelichunguza kwa lenzi ya kusomea. Nikiinamisha kichwa, linakunjika. Nikiinua, linavutika. Kinachovutika hupanuka, kila fundi wa mashati anajua hilo. Nikalikumbuka lile la tumboni, lile kama mnyoo.

Nikaamua: mpaka liive, shingo haisogei. Aliyoyasema kuhusu kuigeuza ni ya wagonjwa wa kawaida. Nimechukua lile bendeji la kidevu nikalifunga barabara. Kisha nikafungua shati jipya, nikatoa karatasi ngumu inayosimamisha kola, nikajipima kwa mara ya kwanza, inchi kumi na tano na nusu, nikaikata, nikaizungusha shingoni. Juu yake skafu ya hariri. Mwezi wa nane, na baridi yetu hii, hakuna anayeuliza kuhusu skafu. Nimejitazama: balozi mtupu!

Quaglia alipokuja na supu akaniuliza nimemeza nini. Akanisihi nisiende sherehe. Akasema Nélida si wa kukimbia, mpigie simu tu, mwambie una mafua, mwambie unataka kuongea naye. Mpigie simu! Eti kama anayeagiza gesi! Unaona mbinu yake? Anataka nibaki nyumbani.

Jumapili, 24 Agosti

Nimekwisha.

Niliingia ukumbini jana jioni nimenyooka kama mlingoti. Suti ya bluu, viatu vinang'aa, skafu. Watu wakageuka. Mmoja akauliza kulikoni na shingo, na Quaglia akadakia upesi kwamba Anselmo ana mafua, mwacheni. Nikakaa upande wa wanaume. Ng'ambo, chini ya taa, Nélida. Gauni la rangi ya zambarau, shingo wazi, nywele kazibana juu. Na alikuwa ananitazama! Mimi! Moja kwa moja, bila kupepesa!

Nikainamisha kichwa.

Kichwa hakikuinama. Karatasi ilikuwa imekaza toka kidevuni hadi kifuani. Nikasukuma. Kitu kikalia ndani ya skafu, kraa, nikakumbuka kovu, nikaacha. Nikajaribu nyusi. Nilizipandisha na kuzishusha kwa maana, kama mtu wa heshima anayesema tafadhali. Akasimama Doña Hortensia Iturralde, meza ya jirani na Nélida, akitabasamu kama bibi harusi. Ndiyo adabu yetu: akisimama, umekubali. Nyimbo nne na Doña Hortensia, ambaye anacheza kama anasukuma kabati, nami sigeuki, najua tu tulikopita kwa watu kusema aah.

Duru nyingine. Nélida bado ananitazama. Nikajaribu kuinama kuanzia kiunoni. Mwili mzima ukaenda mbele ukarudi. Mume na mke wageni kutoka Montevideo wakadhani nawasalimia, wakasimama nao wakainama. Nikalazimika kuinama tena. Wakainama tena. Alipowaona, Nélida alicheka, kisha akanitazama tena, anasubiri.

Ikatangazwa duru ya mwisho.

Naandika hili polepole. Ukumbi ukatulia. Alinitazama. Hatua chache tu, ningesimama, ningekwenda, ningesema kwa mdomo wangu, Nélida, tucheze. Nilishika mkono wa kiti, nikanyanyuka nusu. Nikaona meza zote zinanitazama. Miaka arobaini sijamfuata mwanamke mezani! Mtalii! Mlevi! Nikakaa. Nikajifanya natazama kioo cha ukutani, kama skafu iko sawa. Ilikuwa sawa. Nilipogeuka, mwili mzima, Quaglia alikuwa akimtazama kwa masikitiko, na baada ya muda akamwinamishia kichwa. Akamngoja akubali. Nélida alinitazama mara moja zaidi, halafu akasimama.

Nilimkuta mlangoni akivaa koti. Akaniuliza amenikosea nini. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akasema usiku kucha nimekutazama wewe tu, Anselmo, mpaka macho yakaniuma, na wewe umekaa pale kama sanamu la uwanjani. Nikamwambia ni shingo. Nikafungua skafu, nikatoa karatasi, nikamwonyesha. Nikamwambia tazama, zile kamba zimekwisha! Akasema kamba zipi?

Nikamwonyesha kovu, maana limeshaonekana. Akanyanyua kidevu chake. Kovu! Chini ya koo, kutoka upande huu hadi ule, kama mkufu. Walimtoa tezi zamani, anasema, kabla hata hajaanza kuja klabuni. Hajawahi kulifunika. Mwaka mzima shavu kwa shavu na sikuwahi kuliona! Nikamuuliza kama na yeye hakuziona kamba zangu. Akasema mimi nikicheza hufumba macho, wewe hufumbi?

Kisha akasema Jumanne anakwenda Mendoza. Alikuwa hajaamua. Alikuwa, akasema, anangoja mtu fulani amwombe kahawa.

Mtu mwingine yeyote angejua la kusema. Mimi nikamuuliza kama kovu langu, kwa maoni yake, litapauka.

Akanigusa shavu. Akasema litapauka, mpenzi, yote hupauka. Akatoka. Lavanda ilibaki pale mlangoni, mpaka walipofungua dirisha kusafisha ukumbi.

Jumatano, 27 Agosti

Ameondoka jana. Sikwenda kituo cha mabasi. Quaglia alikwenda, akambebea masanduku, akaja kunipa salamu. Anasema Nélida ameacha anwani kwake kwa ajili yangu. Nimemwambia aiweke.

Siku tatu nimefikiri, na sasa nimeona kosa lilipokuwa. Mambo haya hayaanzi na kichwa! Yanaanza na macho! Laiti macho yangu yangesema, nisingehitaji kuinama. Nimejichunguza kwa lenzi: kope zimelegea, zimefunika nusu ya jicho. Maskini Nélida alikuwa anatazama mapazia! Angejuaje? Nimepiga simu kliniki nyingine, ile ya awali watanibishia. Wanaondoa ngozi ya ziada, kovu linajificha ndani ya mkunjo. Nimeuliza mara tatu kuhusu kovu. Siku chache tu macho yanafungwa, basi. Na kwenye kiti cha Nélida, anasema Quaglia, Jumamosi atakaa mama mmoja mgeni kutoka Rosario.

Kwa bahati wana nafasi keshokutwa, Ijumaa. Quaglia alikuwa amenialika siku hiyohiyo. Ni tarehe 29, na kwa desturi kila tarehe 29 nyumba zote za mji huu hula nyoki, vile vidonge vya unga na viazi, na yeye anasema sahani mbili ni rahisi kupika kuliko moja. Nimemwambia nina miadi. Akauliza na nani. Nikasema na watu. Akaosha bakuli lake la supu, akaenda.

Shingo imekuwa nzuri kweli. Leo nimetamka "i" mbele ya kioo, hakuna kilichosimama. Nikatamka tena, kwa sauti zaidi, ikazunguka bafuni ikanirudia.

Msichana wa kliniki ameuliza nani atakuja kunichukua. Nimemwambia mke wangu.